Punje Moja kwa Samaki Asiye na Njaa

Nilipochukuliwa kumtunza Babu, hakuna aliyeniambia kwamba kazi yenyewe ni ya ukalimani. Niliambiwa ni mzee wa Kizanzibari aliyepata kiharusi, mkono na mguu wa kulia umelala, anataka mtu wa kumwogesha, kumpa dawa na kumtoa nje akaone jua. Hayo nilikuwa nayaweza. Nilimuuguza bibi yangu kule Kisauni mpaka tukamzika, na hapa Dubai nilikuwa nimeshakaa na wagonjwa wa kila namna, wakiwemo wanaotupa vikombe.

Nyumba ilikuwa Al Barsha, nyuma ya mahoteli. Ilikuwa ya binti yake Babu, mama wa makamo aliyezaliwa hapa hapa, mwenye Kiunguja cha mamake na Kiarabu cha shuleni. Siku ya kwanza aliniambia nimwite dada. Nilijaribu, ulimi ukagoma, nikarudi kwenye madam kama watu wengine.

Mchana wa siku hiyo tulikaa mezani sote watatu. Madam akaniambia, "Muulize Babu kama atakula mchuzi."

Babu alikuwa amekaa mbele yake, upande wa pili wa bakuli la mchuzi. Nilidhani ni mzaha, lakini hakuna aliyecheka. Nikamgeukia nikamwambia anaulizwa kama atakula mchuzi. Babu akanitazama mimi, si yeye, akasema, "Mwambie ntakula, kidogo." Nikageuka tena nikasema atakula, kidogo. Madam akateka mchuzi akampa sahani, na mkono wake ukapita karibu kabisa na wa baba yake.

Nilifikiri huenda kiharusi kimeondoka na masikio. Sivyo. Masikio ya Babu yalikuwa mazima kuliko yangu; alimsikia muadhini akikohoa kabla ya adhana. Ni kwamba hawasemezani.

Kisa chake nilikipata kidogo kidogo, nusu kwa baba na nusu kwa binti, kila mmoja akidhani ndiye pekee anayenieleza. Baada ya mkewe kufariki, Babu alikuwa akiishi peke yake kwenye fleti kule Silicon Oasis. Alipolazwa hospitali, binti aliirudisha fleti, makochi akawagawia watu, nguo akazitia maboksini, na vyombo vya kuvulia samaki vya babake hata hakumbuki vilikwenda wapi. Babu aliporudiwa na kauli akaomba apelekwe kwake. Akaambiwa kwake ni hapa. Akanyamaza. Na binti, ambaye amemrithi babake ukaidi kama alivyomrithi pua, akanyamaza vilevile. Mambo ya lazima yakawa yanapitia kwa mtu wa tatu. Kabla yangu kulikuwa na Mfilipino mmoja, lakini yeye Kiswahili hakijui, kwa hiyo hakudumu.

Mume wa madam ni mtu wa amani, yaani kila pakiwa na jambo yeye yuko safarini. Alikuwa na shamba la urithi huko Hatta, mitende na mindimu chini ya milima, na kila Jumamosi ya majira ya baridi familia ilikwenda huko kutwa nzima. Katikati ya shamba kuna birika la kumwagilia, kubwa kama uwanja wa voliboli, la saruji, na ngazi za kushukia upande mmoja. Maji yake ni ya kijani, hayaoneshi chini.

Jumamosi yangu ya kwanza nilimsukuma Babu kwenye kiti chake mpaka ukingoni. Aliyatazama maji kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mna kapu humu."

Nikainama kutafuta kapu lililotumbukia. Nikamuuliza ni la ukili au la plastiki, maana la ukili lingekuwa limeshaoza. Babu akanitazama kwa huruma. Kapu, akanieleza, ni samaki. Ni wa maji baridi, mkubwa, mzito, huwekwa mabirikani ale mwani. Shemeji za binti yake walitia vidogo miaka mingi nyuma na sasa hakuna anayejua vimekuwa vikubwa kiasi gani. Ila mlinzi wa shamba, Mbengali mwenye ndevu nyeupe, alijua. Alisimama nyuma yetu akapanua mikono kuonesha urefu. Kisha akapeleka vidole mdomoni, kuonesha mengineyo.

Njiani tukirudi Babu aliniambia nimwambie binti yake kwamba anataka ndoana na mshipi. Madam, mikono iko kwenye usukani, akaniambia nimwambie kwamba mtaalamu wa viungo amesema afinye mpira, hakusema avue samaki. Mpira ule wa bluu Babu hakuwahi kuufinya hata mara moja. Nikamwambia. Babu akasema nimwambie mpira haumezi ndoana. Hilo sikulifikisha. Ukalimani nao una busara yake.

Juma lililofuata mume wa madam alirudi na fimbo ya kuvulia. Muuzaji alimuuliza anataka kuvua samaki gani, naye akajibu mkubwa. Ilikuwa fimbo ya kuvulia papa. Babu aliipima kwa mkono wa kushoto, akasema itafaa pia kufungulia madirisha ya juu.

Basi tukaanza. Babu alinifundisha kufunga ndoana ndogo na boya la kizibo, akaniambia nifungue kopo la mahindi na nichomeke punje. Nikachomeka tatu. Akasema moja. Nikamwambia samaki mkubwa namna ile atapata nini kwenye punje moja. Ndipo akanisomesha.

Alipokuwa kijana alipelekwa masomoni kwenye nchi moja ya baridi huko Ulaya mashariki, kujifunza mitambo ya maji. Mwenye nyumba aliyempangisha alikuwa na mazoea ya kuvua kapu wakati ambapo hakuna mtu mwenye akili anayetoka nje, kando ya bwawa kumeganda barafu. Yeye ndiye aliyemfunza. Wakati wa joto, kapu hula kila kitu na mjinga yeyote humvua. Wakati wa baridi tumbo lake hufunga. Hatafuti chakula, amelala tu chini, na akifungua mdomo, anaufungua mara moja. Ukimwaga konzi ya mahindi atakula punje moja, ashibe, arudi kulala, na punje hiyo haitakuwa ile yako. Kwa hiyo humpi uchaguzi. Unamtilia punje moja tu, mbele ya mdomo. Na kwa kuwa hujui mdomo uko wapi, unahama, unatia hapa, unasubiri, unatia pale.

Aliyehama ni mimi, na kiti, na mgonjwa, na kopo. Tulilizunguka birika lile Jumamosi nzima, Babu akinyoosha kidole pembe hii na pembe ile, akifuata jua, kwa maana alisema maji yanapopata joto dogo ndipo samaki hujisogeza. Hatukupata kitu. Jumamosi ya pili hatukupata kitu pia. Mlinzi alikuwa akija kututazama kila anapomaliza kumwagilia mstari mmoja wa mindimu, anaona ndoo tupu, anaondoka.

Jumamosi ya tatu niliona haya. Kwetu mgeni haitwi kwa punje. Babu alipokuwa akiswali kwenye kiti chake, mgongo ameyapa maji, nilichukua bakuli la wali uliobaki nikaumwaga birikani kama ukarimu. Alipotoa salamu akageuka, akaziona chembe nyeupe zikizama. Aliniashiria nikunje mshipi. Kutwa iliyobaki hakunisemesha, na njiani kurudi, madam alipoanza, "Mwambie Babu...", Babu alikuwa amefumba macho. Ikawa ndani ya gari lile hakuna anayesema na mtu. Nilimhurumia yule Mfilipino.

Babu alipoa kesho yake asubuhi, nilipompelekea uji. Aliniambia sitarudia. Nikamwambia sitarudia. Madam alikuwa mlangoni akisikiliza, na nilimwona akiondoka haraka. Sijui alichokisikia.

Kisha mimi nikashikwa na mafua. Ilikuwa katikati ya baridi, ile ya Hatta ambapo asubuhi pumzi inatoka kama moshi. Niliomba nibaki nyumbani. Madam akasema hewa ya milimani itanifaa. Mumewe alikuwa safarini, na nilielewa kwamba tatizo si kifua changu. Hakujua atakaaje na baba yake kutwa nzima bila mimi. Nikavaa kila nilichokuwa nacho nikaingia garini.

Kufika shamba nilikuwa sijiwezi. Madam aliegesha gari karibu na birika, akanifunika blanketi, akaniambia nisitoke. Akamwita mlinzi akae na Babu. Mlinzi akamwonesha pampu ya maji aliyoifungua vipande vipande chini, akarudi kwenye vipande vyake. Basi madam akachukua kreti ya ndimu akaigeuza, akakaa hatua chache kutoka kwa baba yake, akatoa simu.

Nilikuwa nimeacha kioo wazi, nikawaona. Babu alitia punje yake ya mahindi kwa mkono wa kushoto na meno, akaurusha mshipi. Wakakaa. Baada ya muda akainua fimbo akaielekeza upande wa pili. Hakusema. Madam alitazama huku na huku, pengine akinitafuta, kisha akainuka akakisukuma kiti. Wakakaa tena. Fimbo ikaelekeza pengine. Madam akasukuma tena, kreti ameikokota kwa mkono mmoja. Kutoka pale garini walikuwa kama watu wawili wanaohamisha kabati bila kukubaliana liwekwe wapi.

Mwisho wakafika pembe ya ngazi, ambako jua lilikuwa limeshapita juu ya mlima. Ukingo wa hapo umeteremka kidogo kuelekea majini. Madam akarudi kwenye simu yake. Mimi nikawa nasinzia, na nilichokiona kwanza ni boya kwenda pembeni. Halikuzama. Lilikwenda taratibu, kama limeazimwa na mtu asiye na haraka. Babu alingoja. Kisha akainua fimbo, na fimbo ile ya papa ikapinda.

Samaki akaondoka, na kiti kikaondoka naye. Magurudumu yakaanza kuteremka kuelekea maji, taratibu, Babu akiwa ameketi wima kama mtu aliye kwenye teksi. Mimi nilipapasa kitasa cha mlango na blanketi limenizonga. Madam aliangusha simu akakirukia kiti kwa nyuma.

"Breki," Babu akasema.

Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia binti yake tangu aambiwe kwake ni hapa.

"Iko wapi?"

"Huko chini. Ikanyage."

Akaikanyaga. Kiti kikasimama. Lakini mshipi ulikuwa unaendelea kutoka, na kidude cha kuuzungushia kiko upande wa kulia, na mkono wa kulia wa Babu ulikuwa mapajani, umelala kama ulivyolala siku zote. Watu wakinisikia nikisimulia hufikiri hapa ndipo mkono ule ulipoamka. Haukuamka. Babu alimwambia binti yake apige magoti pembeni, azungushe yeye.

Akapiga magoti kwenye changarawe na abaya yake, akazungusha. Babu alishika fimbo, binti akashika kidude, vichwa vyao vimekaribiana. Nilimsikia Babu akisema polepole, polepole, akivuta mwache.

"Nimwache vipi, Baba? Atakwenda."

"Mwache tu. Hatokwenda. Si lazima kila kitu ukivute weye."

Madam akaacha kuzungusha. Samaki akachukua mshipi, akaurudisha, akachukua tena. Sijui walikaa vile muda gani. Mlinzi alikuwa amefika, mikono ina grisi, na mimi nilikuwa nimeshatoka nimesimama na blanketi langu. Hakuna aliyetuhitaji. Samaki alipojitokeza juu, mara moja, ubavu wake ulikuwa wa rangi ya shaba na magamba makubwa kama vifungo vya koti. Hatukuwa na wavu. Mimi na Babu katika kupanga kwetu kote hatukuwahi kufikiri tutafanyaje tukimpata.

Madam akachukua tenga lililokuwa kando ya ngazi, akazimwaga ndimu zake, akashuka ngazi na viatu vyake. Maji yakampita magoti, abaya ikavimba ikaelea pande zote. Aliliingiza tenga chini ya samaki kwa mara ya kwanza na samaki akampiga maji ya uso. Mara ya pili akaingia.

Akabaki amesimama ndani ya maji, tenga mikononi, nusu limezama, anamtazama. Samaki naye alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa. Punje ya mahindi ilikuwa bado imening'inia kwenye mdomo wake.

Mlinzi alikwenda akarudi na kisu na beseni. Babu akamwambia binti yake, "Mpe. Amengoja sana huyu."

"Anapumua, Baba."

"Samaki hupumua."

"Siwezi kumtoa ananitazama hivi."

"Hukumuonea huruma mwenye fleti, utamuonea huruma samaki."

Mlinzi hakujua Kiswahili, lakini alilishusha lile beseni. Mimi kwa mazoea nilifungua mdomo nirekebishe maneno, niyapunguze makali kama nilivyozoea, nikaufunga. Yalikuwa yameshafika.

Madam alisema, hajainua macho kutoka kwenye tenga, "Nilikukuta jikoni. Hujui hilo. Umelala chini, chai imemwagika, unaniangalia na hunijui. Kila nikifungua mlango ule kwenda kukuchukulia nguo, nakuona pale chini. Mara ya mwisho nilishindwa kuingia, nikarudi garini. Ndiyo nikazirudisha funguo."

Babu alimtazama binti yake. Kiharusi kimemvuta upande mmoja wa uso, kwa hiyo kumsoma si rahisi hata kwangu niliyemzoea. Hakuwa akijua. Alikuwa amedhani, nami nilikuwa nimedhani, kwamba alikutwa na majirani.

"Ungenambia," Babu akasema.

"Ungeniuliza."

Babu akaanza kumweleza kwamba mtu anayeamka hospitali hajui cha kuuliza, na kwamba hata hivyo makochi yale yalikuwa ya mamake, na alikuwa bado anaeleza wakati madam alipoitoa ile ndoana mdomoni mwa samaki kwa kucha zake na kuliinamisha tenga. Samaki alikaa pale pale kidogo, kama hajaamini, kisha akazama. Babu akakatiza maneno. Akaliangalia tenga tupu, akaanza kucheka kwa ule upande wa uso unaofanya kazi. Madam hakucheka. Alipanda ngazi abaya inachuruzika, kiatu kimoja hana, akaniuliza kwa nini niko nje na homa.

Mlinzi aliyatazama maji kwa muda, kisha akarudisha beseni lake. Jumamosi iliyofuata madam alipitia soko la samaki akamnunulia rui mkubwa, samaki wanaompenda huko kwao, akampa amefungwa kwa barafu. Mlinzi alimshukuru sana. Mimi aliniambia pembeni, kwa Kiarabu chetu kibovu, kwamba hakuwa mbichi.

Tangu hapo wakawa wanasemezana. Nisiseme kwamba nyumba ilijaa furaha. Wanabishana juu ya sukari kwenye chai, juu ya kiyoyozi, juu ya makochi, ambayo mawili yalipatikana kwa binamu mmoja huko Sharjah na yakarudishwa yakiwa na harufu ya paka. Yapo chumbani kwa Babu na hayaachi nafasi ya kupitisha kiti, kwa hiyo kila asubuhi nayasukuma. Fleti hakuiomba tena. Jioni moja madam aliingia chumbani kwake na vikombe viwili vya chai na akafunga mlango, nami nikasikia sauti zao mpaka nikaenda kulala. Sikusikiliza. Mpira wa bluu bado upo, mkono wa kulia bado umelala, na mtaalamu wa viungo, nilipomsimulia habari za samaki, aliniuliza kama Babu alikunja hata kidole kimoja cha mkono huo. Nikamwambia hapana. Akasema basi haihesabiki.

Baridi ilipokwisha, maji ya birika yakapata joto na kapu wakapanda juu. Tuliwaona wote, mgongo kwa mgongo, midomo wazi, mlinzi akiwatupia vipande vya mkate wake na wao wakipigania. Nilimuuliza Babu kama nifunge ndoana. Aliwatazama kama mtu anavyotazama foleni ya chakula cha bure. Akasema tungoje baridi.

Baridi ya mwaka huu imekuja, na Jumamosi ya kwanza Babu na binti yake wamekwenda Hatta wenyewe. Madam aliniambia nipumzike, atamshughulikia yeye, akaweka kiti garini, na fimbo, na wavu mkubwa alioununua mwenyewe bila kumuuliza mtu. Nilikuwa sijawahi kubaki peke yangu katika nyumba ile. Nililala mpaka adhuhuri, nikaosha nywele, nikampigia dada yangu Mombasa tukaongea mpaka chaji ikaisha. Wakarudi magharibi bila samaki. Magurudumu yalikuwa na matope, Babu alikuwa amevaa skafu ya madam kichwani, na walikuwa wanabishana tangu getini: mmoja anasema pembe ya ngazi, mwingine anasema pale kwenye pampu. Nikawafungulia mlango, nikaenda kuweka maji ya chai.